Milonge 40 ya mama mmoja: kipimo cha vinasaba kitakwambia upi una dawa?

Swali: "Miaka mitatu iliyopita niliotesha mbegu za mlonge kutoka kwenye mti mmoja uliokuwa na majani mengi, makali ukiyatafuna. Nimepata miti 40, na kila mmoja una tabia yake. Mingine majani yanawasha ulimi kama haradali, mingine yana uchungu, mingine hayana ladha kabisa. Mikali kupita yote ni sita, na yote iko upande wa zizi la mbuzi. Nataka kutengeneza unga, kwa hiyo ningependa kuzalisha ule wenye dawa na lishe nyingi tu. Nimeshauriwa nipeleke majani yakapimwe vinasaba ili nijue ni upi. Kipimo hicho kitanipa jibu? Na kama mama ni mmoja, mbona watoto hawafanani? Halafu nina ndugu mwenye kisukari ambaye anataka kuacha vidonge atumie unga huu. Nimwambie nini?"

Jibu:

La ndugu yako naliweka mbele kwa sababu haliwezi kusubiri: asiache vidonge. Sababu nitazieleza chini, lakini hilo mwambie leo.

Kuhusu miti, kipimo cha vinasaba hakitakuchagulia. Kitakwambia mti ni wa spishi gani na una undugu na upi. Hakitakwambia jani lake lina miligramu ngapi za kitu gani, na hicho ndicho unachokitafuta. Aliyekushauri ana hoja, maana uwezo wa kutengeneza dawa umo kwenye jeni kweli. Ila kutoka kwenye uwezo huo hadi kwenye dawa iliyomo janini pana hatua nyingi, na kila hatua inaweza kukwama.

Tuanze na ulimi wako. Chuma jani la mlonge taratibu, bila kulibonyeza, uliweke juu ya ulimi. Hakuna kitu. Sasa litafune na usubiri kidogo: ndipo linapoanza kuwasha. Ukali huo haukuwemo ndani ya jani zima. Umezaliwa mdomoni mwako. Jani limehifadhi kemikali iitwayo glukosinolati mahali pamoja, na kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali) kiitwacho mirosinasi mahali pengine. Jino likivunja kuta za seli, viwili hivyo vinakutana, kimeng'enya kinaikata glukosinolati, na kinachotoka ni isothiosianati, yenye ukali. Ni silaha ya mti dhidi ya wadudu, imefungwa hadi mdudu aifungue mwenyewe. Kabichi na haradali wana silaha hiyohiyo. Mpapai nao ni wa oda hiyo hiyo ya mimea, ndiyo maana mbegu za papai zinawasha. Upekee wa mlonge ni kwamba glukosinolati yake kuu, glukomoringini, imebeba sukari ya ziada iitwayo ramnosi, na isothiosianati inayotokana nayo hairuki hewani upesi kama ile ya haradali. Hii ndiyo kemikali inayowavutia watafiti wengi wa mlonge.

Kutengeneza glukosinolati si kazi ya jeni moja. Mti huanza na asidi amino, yaani kijenzi cha protini, kisha vimeng'enya kadhaa huipokea kimoja baada ya kingine: kimoja kinaibadilisha umbo, kingine kinaichomekea salfa, kingine kinaibandika sukari, kingine kinaongeza salfa ya pili. Kila kimeng'enya kina jeni yake, na kila jeni ina swichi zake za kuwaka na kuzima kulingana na umri wa jani, mwanga, ukame na kutafunwa na wadudu. Chukulia karakana ya cherehani. Ukihesabu cherehani utajua uwezo wa karakana, lakini hutajua leo zimeshonwa nguo ngapi. Huenda kitambaa kimeisha tangu asubuhi. Kipimo cha vinasaba kinahesabu cherehani.

Na hapa ndipo zizi la mbuzi linapoingia. Kila molekuli ya glukosinolati inahitaji angalau atomu mbili za salfa. Kwenye udongo wa kichanga uliooshwa na mvua, salfa ni haba, na mti wenye jeni bora kabisa utakuwa na majani mapooza kwa kukosa malighafi. Samadi ya mbuzi inaleta salfa, inaleta nitrojeni, inashika unyevu. Halafu mbuzi wenyewe wakiyafikia matawi ya chini wanayala, mti unachipua upya, na jani changa kwa kawaida lina glukosinolati nyingi kuliko lililokomaa. Kwa hiyo ulipotafuna majani upande wa zizi, huenda ulikuwa unaonja samadi na uchanga wa jani kuliko ubora wa nasaba. Miti sita kati ya 40, na yote sita upande mmoja wa shamba: hata kabla ya maabara, dalili hiyo inaelekeza kwenye udongo kwanza. Haithibitishi, lakini ukiipuuza utazalisha mamia ya miche kutoka kwa mti ambao sifa yake pekee ni jirani mzuri.

Sasa mama mmoja na watoto wasiofanana. Mlonge unaweza kujichavusha, lakini nyuki hubeba chavua nyingi kutoka miti mingine. Mbegu ulizookota zina mama mmoja, ila baba zao huenda ni wengi, na wengine hukuwahi kuwaona. Watoto wa namna hiyo ni ndugu wa mama mmoja baba mbalimbali. Zaidi ya hapo, mama mwenyewe hatoi urithi uleule kwa kila mtoto: ana nakala mbili za kila jeni, kila mbegu inapata moja kwa bahati nasibu.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme mama alikuwa na ukali uliozidi wastani wa milonge ya eneo lake kwa asilimia 20. Tuseme pia kwamba nusu ya tofauti kati ya miti inarithiwa, na nusu nyingine ni udongo na mazingira. Kinachoweza kurithiwa kwake ni asilimia 10. Mama anachangia nusu tu ya jeni za mtoto, kwa hiyo watoto wake kwa wastani watazidi kwa asilimia 5. Tano, kutoka ishirini. Wengine watampita mama, wengine watakuwa chini ya wastani wa eneo zima. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mti wowote unaochavushwa na jirani, na mbegu zako hazina kasoro.

Kipimo cha vinasaba kina mahali pake, na inafaa ujue ni wapi ili usilipe bure. Mahindi lishe ni mfano mzuri wa mahali kinapofaa. Mwaka 1964 watafiti Edwin Mertz, Oliver Nelson na Lynn Bates walionyesha kwamba jeni moja, opaque-2, ikibadilika hupandisha asidi amino ya laisini kwenye punje. Sifa hiyo huonekana pale tu mmea ukiwa na nakala zote mbili zilizobadilika. Shamba la mahindi ya kawaida likiwa jirani na yakachanua wakati mmoja, chavua yake huharibu sifa hiyo kwenye punje za msimu huohuo, na kwa macho hutajua kwa urahisi. Hapo kipande cha jani la mche kikipimwa vinasaba kinatoa jibu zuri, kwa sababu jeni ni moja na inajulikana. Lakini hata huko wataalamu hawakuishia kwenye jeni. Punje za kwanza zilikuwa laini, zinaliwa na wadudu ghalani, na ilibidi Surinder Vasal na Evangelina Villegas wachague kwa miaka mingi jeni nyingine ndogondogo za kuimarisha punje, huku wakipima protini kemikali kila kizazi. Walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000 kwa kazi hiyo.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa ni kinyume chake: hapo huhitaji kipimo cha jeni, kisu kinatosha. Rangi yenyewe ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na kwa kuwa viazi hupandwa kwa marando, kila shina ni nakala kamili ya mama yake. Muhogo nao unafundisha jambo la tatu. Una mtego wa namna ileile ya mlonge, kemikali na kimeng'enya vikiwa vyumba tofauti, ila kinachotoka vikikutana ni sianidi. Na muhogo wa pingili zilezile, jeni zilezile herufi kwa herufi, huongeza sumu yake mwaka wa ukame. Aliyepima vinasaba vyake mwaka wa mvua, akapima tena mwaka wa ukame, angesema ni uleule, na angekuwa sahihi, na bado unga wake ungeweza kumdhuru mtu.

Kwa tabia hiyo, mlonge uko karibu zaidi na muhogo kuliko mahindi lishe. Jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, imesomwa na kuchapishwa tangu 2015, na 2018 ikachapishwa nyingine pamoja na za njugu mawe, fiwi, mng'ongo na mgunga mweupe. Kusoma herufi zote si sawa na kujua ni herufi ipi inayopandisha glukomoringini kwa kiasi gani. Kwa sifa inayosimamiwa na jeni nyingi, ambazo kila moja inasukuma kidogo, maabara ikikupa ripoti ya vinasaba vya mti mmoja haina cha kukusomea humo. Lipia kipimo hicho kwa mambo mawili tu: kuhakikisha kwamba unga ulioununua kwa mwingine ni mlonge kweli na haukuchanganywa na majani mengine, au kuthibitisha kwamba mche uliouziwa kama nakala ya mti fulani ni nakala kweli.

Njia itakayokufaa ni ya zamani, na imethibitika. Mwaka 1865 mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger alipata mbegu za mkwinini, mti ambao ganda lake hutoa kwinini, dawa ya malaria. Zilikusanywa Bolivia na msaidizi wake, Manuel Incra Mamani. Serikali ya Uingereza haikuzitaka, Waholanzi wakanunua kiasi kidogo na kuzipanda kisiwani Java. Mikwinini mingi ya wakati ule ilikuwa na kwinini kidogo sana gandani. Kati ya ile iliyoota kwa mbegu hizi ilipatikana iliyofika karibu asilimia 13. Waholanzi walipima ganda la mti mmoja mmoja kwa kemia, wakang'oa dhaifu, wakabebesha vikonyo vya ile bora juu ya mashina ya mkwinini wa jamii nyingine wenye mizizi migumu. Hakuna aliyejua DNA ina umbo gani. Hilo lilikuja 1953. Walipima kitu chenyewe walichokitaka, na mti waliouchagua waliuzalisha kwa nakala, wasitegemee mbegu.

Wewe pia fanya hivyo, kwa kiwango chako. Kwanza onja upya, kwa utaratibu. Chuma majani ya mahali pamoja kwenye kila mti, la tatu hadi la tano kutoka ncha ya tawi, asubuhi ileile, matawi yenye umri sawa. Wape watu watatu wasiojua jani limetoka mti gani. Kila mmoja atafune kipande sawa, ahesabu sekunde hadi ukali uanze, atoe alama kati ya 0 na 5, asukutue na kusubiri dakika tano kabla ya jani linalofuata. Ukirukia la pili mapema, ulimi uliowashwa na la kwanza utakudanganya. Majani sita kwa kikao yanatosha. Na waandike uchungu kando na ukali, kwa sababu ni vitu viwili. Watafiti waliolinganisha mlonge wa porini na wa kufugwa mwaka 2018 walikuta kwamba unatofautiana kwa ladha na kwa aina ya glukosinolati, lakini kiasi cha protini hakikutofautiana. Kwa maneno mengine, ulimi unaweza kukuonyesha kemikali, hauwezi kukuonyesha lishe.

Kisha chagua miti minane: mitatu mikali ya upande wa zizi, mitatu ya mbali iliyopata alama nzuri kiasi, na miwili michungu. Kutoka kila mmoja kata vipandikizi tisa vya mti uliokomaa rangi ya kahawia, vinene kuliko kidole gumba, urefu wa mita 1 hivi. Viweke kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, kwa kuwa utomvu mbichi ardhini huoza, kisha zika theluthi moja ya urefu. Vitatu kati ya tisa ni vya akiba, kufidia vitakavyokufa. Sita vinavyobaki uvigawe hivi: viwili karibu na zizi, viwili katikati ya shamba, viwili mwisho wa mbali. Kila sehemu itakuwa na vipandikizi 16, jumla 48. Ndani ya kila sehemu panga nafasi kwa kura. Usiipange kwa macho. Mkono wa mtu una kawaida ya kumpa mti anaoupenda shimo zuri. Chora ramani kwenye daftari, maana vibao vya miti huliwa na mchwa, na mbuzi nao hawavibakishi.

Vikishashika na kutoa matawi ya kutosha, vikate vyote kwa urefu wa mita 1 siku moja. Siku ya 40 baada ya kukata, chuma. Hapo majani yote yana umri mmoja, yamekula mvua moja, na tofauti itakayobaki ni ya udongo wa sehemu au ya mti wenyewe. Changanya majani ya vipandikizi viwili vya mti mmoja vya sehemu moja, gramu 200 mbichi, uwe na sampuli 24.

Usizipeleke zote maabara. Onja, pima uzito wa majani makavu ya kila kipandikizi, kisha peleka miti minne iliyoongoza, yaani sampuli 12. Ongeza mbili za mtego: gawa sampuli moja katikati, zipe majina tofauti, fanya hivyo kwa sampuli mbili, usiwaambie. Majibu ya mapacha yakitofautiana kwa asilimia 15 na miti yako inatofautiana kwa asilimia 10, huna tofauti yoyote mkononi. Gramu 20 za majani makavu kwa kila sampuli zinatosha. Waulize kabla hujatuma: wanapima glukosinolati kwa kromatografia ya kimiminika? Wanayo glukomoringini safi ya kulinganishia? Majibu watayatoa kwa uzito mkavu? Wakisema wanapima "nguvu ya kupambana na vioksidishaji" tu, hicho ni kipimo kingine. Majani ya karibu mmea wowote wa kijani yatapata alama.

Usomaji wake ni rahisi kuliko unavyodhani. Mti ukiongoza katika sehemu zote tatu, ukali ni wake. Vipandikizi vya miti yote vikiwa vikali karibu na zizi na vipooze mbali, sifa ni ya samadi, na hilo ni jibu zuri pia, kwa kuwa samadi ni rahisi kuongeza kuliko jeni. Mara nyingi utapata mchanganyiko wa yote mawili. Rudia msimu wa pili kabla hujaamini, na usisahau kuzidisha: mti wenye miligramu 30 kwa gramu, unaotoa gramu 200 za majani makavu kwa mavuno, unakupa gramu 6 za kemikali. Wenye miligramu 22 unaotoa gramu 350 unakupa gramu 7.7. Ulimi ungechagua wa kwanza.

Ukishajua, zalisha miti minne au mitano, usizalishe mmoja. Nakala za mti mmoja zikivamiwa na ugonjwa zitaanguka pamoja. Kumbuka pia kwamba kipandikizi hakina mzizi mkuu ule mnene unaotoka kwenye mbegu, kwa hiyo huyumba kwenye upepo na huumia mapema kwenye ukame. Wenye shamba la ukame hufanya hivi: huikata miti dhaifu isifikie kuchanua, ili chavua itoke kwa mizuri peke yake, kisha hupanda mbegu za mizuri hiyo. Maendeleo ni ya polepole, ila mizizi ni ya uhakika.

Upande wa lishe, ipo mitego miwili. Wa kwanza ni madini ya chuma. Majani yasiyooshwa hubeba vumbi, na udongo mwekundu una chuma kingi kuliko jani lolote; sampuli ya mti wa kando ya njia itashinda kwa sababu ya barabara. Osha majani yakiwa bado kwenye vikonyo, kwa maji safi, yakung'ute, ndipo ukaushe, na uiombe maabara ipime na alumini pia. Alumini ikipanda pamoja na chuma, umepima udongo. Wa pili ni zile sifa za "vitamini C mara saba ya chungwa". Takwimu hiyo ni ya jani bichi. Vitamini C nyingi hupotea wakati wa kukausha, kwa hiyo usiiandike kwenye pakiti ya unga. Kalisi nayo ni nyingi kweli, ila sehemu yake imefungwa na oksalati na mwili hauifikii yote.

Ukaushaji unaweza kuharibu kazi yote ya kuchagua. Jani lililochumwa bado liko hai na linapumua. Ukilishindilia kwenye mfuko wa plastiki linapata joto, seli zinapasuka, kimeng'enya kinakutana na glukosinolati mapema, na unachokipeleka kichanjani kimekwisha kutumika. Beba kwenye kikapu cha wazi, anza kukausha ndani ya saa mbili. Tandaza tabaka jembamba, si zaidi ya kilo 1 kwa mita ya mraba, kivulini penye upepo, au kwenye kikaushio cha jua kilichofunikwa chenye nyuzijoto 40 hadi 50. Jua la moja kwa moja huunguza beta-karotini, na jani linageuka rangi ya majani ya chai. Yakikaa kivulini zaidi ya siku nne bila kukauka, tarajia ukungu. Usiyachovye kwenye maji ya moto kwanza: maji yanaua kimeng'enya na kuondoka na glukosinolati. Kilo 10 za majani yaliyopukuchuliwa hutoa kilo 2 na kidogo za unga.

Unga uwe na unyevu chini ya asilimia 7.5. Pima gramu 100, ziweke kwenye oveni ya nyuzijoto 105 mpaka uzito uache kushuka. Zikipungua zaidi ya gramu 7.5, rudisha unga wote kwenye kikaushio. Unga wa mlonge hunyonya unyevu wa hewa kama chumvi, kwa hiyo ufungwe siku hiyohiyo kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga.

Sasa ndugu yako. Isothiosianati za mlonge zimeshusha sukari kwenye panya wa maabara. Kwa binadamu, majaribio yaliyofanyika ni madogo na mafupi, na kila moja limetumia unga wa aina yake na kipimo chake. Wewe mwenyewe una miti 40 ya mama mmoja na haina nguvu sawa. Hebu fikiria kijiko cha unga kinachobadilika nguvu kwa msimu, kwa mti na kwa siku ya kukausha, kichukue nafasi ya kidonge ambacho kila kimoja kina miligramu zilezile. Kama anatumia insulini kwa kisukari cha aina ya kwanza, kuiacha kunaweza kumlaza mahututi ndani ya siku moja au mbili.

Kula majani kama mboga hakuna ubaya kwa watu wengi. Akitaka unga kila siku, amwambie daktari wake kwanza na apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, maana hatari ya upande wa pili ipo: unga na vidonge vikishirikiana vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, kuongea ovyo. Akiwa anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu, msimpe kitu mdomoni; mkimbizeni hospitali. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin, au dawa za tezi ya shingo, naye aulize kabla ya kuanza, kwa sababu majani haya yana vitamini K nyingi na glukosinolati zinaweza kugusa kazi ya tezi. Mizizi na magome asitumie mtu yeyote nyumbani, mjamzito ndiyo kabisa. Yana kemikali nyingine zisizokuwa za mboga.

Aanzishe daftari: tarehe, sukari ya asubuhi kabla ya kula, unga aliokula na ni wa mavuno yapi. Baada ya miezi mitatu aende kwa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa kipindi chote hicho. Kama kuna kidonge cha kupunguzwa, akipunguze daktari aliyekiandika, akiwa na daftari hilo mezani.